Matoka Niliyoyang'oa

Wageni hupenda kuniuliza nilianzaje. Huuliza wakiwa na kikombe cha chai mkononi, macho kwenye maua, na usoni unaona kabisa wanataka kusikia kitu kitamu: ndoto, maombi, mkono wa Mungu. Huwa nawapa. Ni sehemu ya kile walicholipia getini. Ukweli ni kwamba nilianza kwa hasira na nikaendelea kwa hasira, na ekari hizi mbili zimekula hasira yangu kuliko zilivyokula samadi.

Nilirudi kwa baba, juu kidogo ya Njoro, nikiwa na mifuko mitatu na jicho moja limefura. Nilikuwa nimeolewa Ndabibi, na kwa miaka tisa nilifanya kazi katika shamba kubwa la maua kando ya ziwa, kwenye banda la kupangia, nikipima mashina ya waridi siku nzima hadi ikawa usiku naota sentimita. Mume wangu alinipiga kila mwisho wa mwezi, kama mtu anayelipa kodi ya nyumba. Siku moja nilichoka nikaondoka, basi.

Mama alikuwa ameshafariki. Ndugu yangu, ambaye ni mkubwa wangu kwa miaka miwili na ndiye mtoto mwingine pekee wa wazazi wangu, alinikuta nimeketi jikoni kwa baba. Hakuuliza jicho limefanya nini. Aliuliza, "Umekuja kutembea, ama umekuja?"

"Nimekuja," nikamwambia.

Akachukua maziwa aliyokuwa amefuata, akaenda kwake. Siku hiyo nilimwekea kinyongo, na kinyongo changu huwa hakiozi.

Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Shamba lenyewe, ekari tano, alilipata kwa hisa za kampuni ya kununua mashamba, wakati shamba la mzungu lilipokatwakatwa na watu wakapewa vipande. Miezi mitatu baada ya mimi kurudi alimwita ndugu yangu na majirani wawili wazee, akapima kwa hatua, akapanda mstari wa matoka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Juu, upande wa barabara, ekari tatu za ndugu yangu. Chini, upande wa mto, mbili zangu.

Matoka ni mayungiyungi ya kwetu. Yana kiazi kikubwa kama kitunguu, majani mapana, na mvua ikija hutoa maua meupe yenye mstari wa rangi ya waridi. Watu wetu hawakuyapanda kwa uzuri. Huyapanda mpakani, kwa sababu hayafi kwa jua wala kwa moto, na kwa sababu mtu mwenye akili zake hayang'oi. Baba alimaliza kupanda, akajipangusa mikono, akasema, "Atakayeng'oa haya, chakula kisimshibishe." Halafu akaenda kukamua ng'ombe.

Mwaka uliofuata alikufa, hati ya shamba ikiwa bado kwa jina lake. Mbele ya sheria sikuwa na hata tuta moja la kitunguu. Nilichokuwa nacho ni ule mstari wa matoka na watu watatu walioona ukipandwa: majirani wawili, ambao mmoja alimfuata baba na mwingine akauza akahamia kwa watoto wake mbali, na ndugu yangu.

Nilipanda arabicum, yale maua meupe yenye jicho jeusi. Sikupanda kwa sababu nayapenda. Nilipanda kwa sababu hayataki nyumba ya plastiki wala mitambo, na kwa sababu kazi ya maua ndiyo pekee niliyoijua. Ndugu yangu alisimama upande wake wa matoka, mikono mfukoni, akaniangalia nikifukia viazi vya maua mahali ambapo watu wengine wangefukia vya kula.

"Sasa hiyo utakula na nini?" akaniuliza.

"Na wivu wako," nikamjibu.

Dalali alikuja na pikapu yake wakati wa kuvuna. Alikuwa mtu wa tabasamu pana sana, na mimi mtu akinitabasamia kabla hajaniambia bei huwa naficha mkoba. Alichukua mashina marefu kwa bei ya huruma, na mafupi akayaita rejekti, akayamwaga pale pale kando ya njia. Niliyaokota nikiwa natukana kwa sauti. Nilikuwa bado natukana wakati mama mmoja, mhadhiri kutoka chuo kikuu, aliposimamisha gari, akataka kuniuzia huruma, akaishia kununua yale mafupi yote kwa ajili ya harusi ya mpwa wake. Halafu akauliza kama anaweza kuingia ndani apige picha.

Jumamosi iliyofuata alileta magari manne. Wanawake waliovaa viatu vya visigino walizama kwenye udongo wangu mmoja mmoja, wakicheka. Walipiga picha kwenye maua kwa saa mbili, wakaniomba chai, wakaniomba chapati, wakaniomba choo. Nilikuwa nimekasirika vibaya. Waliharibu matuta mawili na hakuna aliyenunua ua. Walipokuwa wakiaga nilisimama njiani nikawaambia kwamba kupiga picha hapa ni shilingi mia mbili kila mtu. Nilisema hivyo ili wasirudi. Walitoa simu wakalipa, na mmoja akasema, "Mathe, mia mbili tu? Hii place ni too cheap."

Hivyo ndivyo utalii wa shambani ulivyoingia kwangu, kwa matusi. Niliacha kumtegemea dalali. Mashina mafupi ambayo yeye aliyaita takataka niliyafunga kumi kumi na majani kidogo, na mgeni akalinunua fungu moja kwa bei ambayo dalali angenipa kwa mafungu manne. Nilijenga choo cha maji kabla sijajijengea nyumba, kwa sababu niligundua kwamba mtu wa mjini atakusamehe kila kitu isipokuwa choo. Nilijenga jiko na banda la kulia. Nilinunua ng'ombe mpole, nikaanza kuwatoza watu pesa ili wamkamue. Nimeona mtu mwenye digrii mbili akipiga kelele ya furaha kwa sababu ametoa matone matano ya maziwa. Ng'ombe huniangalia, mimi humwangalia, tunaelewana.

Watu wa chama, wanafunzi, maharusi. Baada ya miaka michache nilikuwa na wanawake sita ninaowalipa mshahara. Mkubwa wao tulimwita shosho, maana alikuwa na wajukuu wengi kuliko miaka yangu ya shule. Shosho alijua kila mmea na alinijua mimi, na hakuogopa hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Shida ilikuwa njia. Ekari zangu ziko chini, barabara iko juu, na kufika kwangu lazima upite kwa ndugu yangu. Kwa miguu hakuwahi kukataa. Lakini magari yalipoanza kuja yalikanyaga majani ya ng'ombe wake, yakaegeshwa mbele ya mlango wake, na watoto wa watu wakaingia jikoni kwa mkewe kuuliza kama hapo ndipo kwa maua. Nakubali sasa kwamba ilikuwa kero. Wakati ule sikukubali. Yeye alikuwa amefungua stoo ya nafaka Rongai, alikuwa akirudi nyumbani Jumamosi jioni tu, akienda kanisani Jumapili, ambako alikuwa mzee wa kanisa. Siku yake moja ya kupumzika ilijaa honi za wageni wangu.

Alikuja kuniambia. Sikumkaribisha kiti.

"Hii njia yako imekuwa stage ya matatu," akasema. "Tafuta namna."

"Namna gani? Niwashushe na kamba?"

"Mimi nimekuambia."

"Umesikika. Sasa enda ukaombe."

Wiki mbili baadaye alijenga banda la nguruwe karibu na matoka, pale katikati kabisa, mahali ambapo upepo wa mchana hupita kabla ya kufika kwenye meza zangu. Nguruwe wanane. Mkewe ndiye aliyewalisha, na aliwalisha saa saba kamili wageni wakikaa kula. Mimi na mkewe tulikuwa tumeacha kusalimiana muda mrefu, kwa hiyo hatukuwa na hata mahali pa kuanzia ugomvi. Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa nikiwaambia wafanyakazi wangu, na kila mmoja alijua nguo ni ipi.

Mvua za vuli zilipokuja, matoka yakachanua kama hayajawahi kuchanua. Wageni waliyaona. Waliacha arabicum zangu nilizozipalilia kwa mgongo, wakakimbilia mpakani, na huko wakakutana na nguruwe. Bi harusi mmoja alijitapikia kwenye gauni. Mama yake alidai pesa zake zote, nikarudisha, na nikiwa narudisha nilikuwa tayari nimeamua.

Asubuhi ya siku iliyofuata nilimpa shosho jembe, nikamwambia tunahamisha yale maua tuyapande katikati ya shamba, kuzunguka benchi nililowawekea wageni la kupigia picha. Alifikiri namaanisha maua mengine. Alipoona ninakoelekea alisimama.

"Hayo ni matoka," akasema.

"Najua ni matoka."

"Mimi hiyo siwezi kugusa. Nifute kazi."

"Shosho, ni ua tu. Watu wanayanunua kwa mtandao siku hizi."

"Basi nunua kwa mtandao." Akaweka jembe chini, akarudi kwenye matuta, akaendelea kupalilia.

Sikuwa mjinga. Nilikuwepo baba alipopanda. Lakini miaka mingi ya kuuza maua ilikuwa imenifanya nisione kitu kingine kwenye mmea ila shina, rangi, na siku ngapi utakaa kwenye ndoo. Na nilikuwa na hasira. Nilichukua jembe mwenyewe. Viazi vya matoka huenda chini sana. Nilichimba tangu umande hadi saa nane, nikitoa kimoja baada ya kingine, nikafukia mashimo na kuyasawazisha vizuri, kwa sababu mimi kazi yangu huwa safi. Kufikia jioni benchi lilikuwa na duara ya matoka katikati ya ekari zangu, mbali na nguruwe. Lilipendeza. Desemba yote maharusi walikalia benchi hilo, na majani yakaota marefu pale mstari ulipokuwa, hata mke wa ndugu yangu hakugundua.

Februari trekta lilikuja kulima kwa ndugu yangu. Lilikuwa la kukodi, kutoka Rongai, na dereva hakuwa ameona shamba letu hata siku moja. Ndugu yangu alikuwa stoo. Ilikuwa siku ya kazi, lakini nilikuwa na wageni: chama cha akina mama thelathini kutoka Nakuru, wote wamevaa sare ya kitenge, wako kwenye banda wanakula mukimo. Nilisikia trekta muda mrefu bila kulitilia maanani. Ilipita saa nzima kabla sijagundua kwamba linasikika karibu mno.

Nilipotoka nilikuta limesimama mbele ya benchi. Nyuma yake, kutoka kwa ndugu yangu hadi kwangu, udongo ulikuwa mwekundu na mbichi, na maua yangu ya arabicum, matuta kumi na moja yaliyobakisha siku nne kuvunwa, yalikuwa yamegeuzwa chini juu. Vichwa vyeupe vilichungulia hapa na pale kwenye mabonge ya udongo. Dereva alikuwa ameshuka, anajifuta jasho na kofia, ameridhika na kazi yake.

"Umefanya nini?" nikamuuliza.

"Mathe, si boss aliniambia nilime mpaka nifike kwa matoka? Nimetafuta huko juu sijaona." Akaonyesha benchi kwa kofia yake. "Haya si ndio matoka?"

Nataka nieleweke hapa, maana ndipo mahali ninapopenda kupapita haraka. Nilimsikia. Nilielewa kila neno, pale pale, amesimama mbele yangu. Nilijua ni nani aliyekuwa amehamisha mpaka, nikajua ndugu yangu alikuwa ametoa amri ambayo baba mwenyewe angeitoa. Nilijua hayo yote kwa muda wa pumzi moja, halafu nikayafukia vizuri na kuyasawazisha.

Dereva alimpigia simu, na ndugu yangu akafika baada ya saa moja na nusu na pikipiki, vumbi la mahindi bado liko kwenye nyusi. Kufikia hapo akina mama wote wa chama walikuwa wamejipanga kando ya shamba. Nilimngoja afike karibu.

"Mwizi!" nikapiga kelele. "Mwizi wa mashamba! Mzee wa kanisa! Unaiba cha dada yako na unasimama mbele ya madhabahu!"

Kuna mengine niliyosema. Nilitaja jicho langu lililofura. Nilitaja maziwa. Nilitaja kitu kuhusu mkewe ambacho sitakirudia. Mgeni mmoja alirekodi yote kwa simu yake, na hadi kesho yake jioni video ilikuwa imefika kila kikundi cha WhatsApp kati ya Nakuru na Molo. Nimeitazama mara nyingi. Mimi naonekana vizuri sana, mrefu, kitambaa kichwani, mkono juu. Yeye yuko pembeni. Mara moja midomo yake inasogea, lakini sauti yangu imeifunika yake. Mimi nilikuwa pale, kwa hiyo najua aliuliza nini. Aliuliza, "Matoka yako wapi?"

Nilizidi kupiga kelele.

Kanisani walimwomba apumzike kidogo. Ndivyo wanavyosema huko wakitaka uache kubeba sadaka bila wao kukuita mwizi. Rongai wateja walimtania: wakipima gunia, mmoja angesema, "Angalieni asisogeze mizani." Shosho ndiye aliyeniletea habari hizo, na alizileta kwa uso wa mtu anayemrudishia mwingine chombo chake kichafu. Nami nilimwambia, "Vizuri sana, mkuki kwa nguruwe mtamu." Hakucheka. Alinimalizia: "Kwa binadamu mchungu."

Yeye ndiye aliyeita wazee, si mimi. Walikuja watatu, Jumapili mchana, na fimbo zao, wakakataa chai, wakakaa kwenye viti vya plastiki katikati ya ule udongo uliolimwa. Ndugu yangu upande huu, mimi upande ule. Siku hiyo nilifunga geti, sikutaka mgeni hata mmoja.

Mzee aliyekuwa mkubwa wao alianza na swali lile lile nililokuwa nimeomba asianze nalo. "Nani aling'oa matoka?"

Nilitazama upande wa banda. Shosho alikuwa amesimama hapo, mikono kiunoni, akinitazama.

"Ni mimi," nikasema.

Wazee hawakushtuka. Mmoja alitema mate kando tu. Ndugu yangu ndiye aliyeinua kichwa. "Sikujua yameng'olewa," akasema, akiwaambia wao. "Hata dereva aliniuliza nikamwambia hayapotei. Nani atang'oa matoka?"

Mzee aligonga fimbo chini. "Mama, wewe unajua. Mtu aking'oa, hana tena mdomo wa kuonyesha mpaka. Ataonyesha yule mwingine. Na kile atakachoonyesha, ndicho."

Nilijua. Nilikuwa nimeshapiga hesabu kitandani wiki nzima. Banda la kulia, jiko, choo, tanki la maji, vyote nilikuwa nimevijenga pembe moja ya juu ya shamba langu, karibu na mpaka, ili wageni wasitembee mbali. Angevuta mstari hatua ishirini tu kuelekea chini, vyote vingekuwa vyake. Angevuta hatua mia, ningebaki na ukingo wa mto na vyura. Mashahidi hawakuwepo, hati haikuwepo, na mtu wa kuulizwa alikuwa yule niliyemwita mwizi mbele ya Nakuru nzima. Sijui kama nimewahi kumwogopa mume wangu kama nilivyomwogopa ndugu yangu alipoinuka kwenye kile kiti.

Alikwenda hadi ukingoni, kwenye ua wa jirani, akasimama. Akapiga hatua, akasimama tena, akakanyaga kwa kisigino. "Hapa moja." Hatua mbili. "Hapa moja." Aliendelea hivyo shamba zima, bila kutazama chini sana, na wazee wakimfuata wakisimika vijiti. "Baba alikuwa anapanda tu," akawaambia bila kugeuka. "Mashimo nilichimba mimi. Hapa kulikuwa na jiwe, jembe likavunjika mpini. Chimbeni muone." Walichimba kidogo, wakakuta jiwe.

Mstari ulipita pale pale. Banda kwangu, jiko kwangu, tanki kwangu. Nilikuwa nimeshaanza kupumua alipofika ukingo wa pili, ambako kuna mti wa ovakado, akaupita. Akakanyaga kwa kisigino upande wa juu wa ule mti.

"Na mti?" mzee akauliza.

"Mti ni wake. Baba alimwachia. Nimeuchuma miaka yote hii kwa sababu hajawahi kuuliza." Kisha akanitazama kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Hapo unaweza kuniita mwizi. Hiyo ni haki yako."

Ningependa kusema nililia, au nilimkimbilia. Nilikasirika. Nilikuwa nimemtaka adanganye. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo wake, nimeupangia mawakili na matusi, na akanipa ukweli wote, hadi ule wa kumuumiza mwenyewe.

Aliyeng'oa hutoa kondoo dume. Nilimtoa, mnono, akachinjwa pale chini ya banda langu. Desturi ni kwamba pande mbili hula nyama ile pamoja, mbele ya wazee, na kesi inaishia hapo. Mzee alimkatia ndugu yangu kipande cha kwanza. Alikipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, akakirudisha kwenye sinia.

"Ukweli nimewapa," akasema. "Nyama hapana, wazee. Mnisamehe."

"Ukikataa, hii maneno haijaisha," mzee akamwambia.

"Najua."

Akavaa kofia akaenda zake. Wazee waliangaliana, halafu wakanikazia macho mimi, wakingoja. Ilikuwa nafasi yangu ya kuinuka, nimfuate, niseme neno moja tu la watu waliolelewa. Nilisema nyama inaungua.

Hati yangu ninayo. Alisaini kila karatasi aliyoletewa, mbele ya sorveya na mbele ya bodi ya ardhi, akiandika polepole kwa ile kalamu ya ofisi iliyofungwa kamba, asinisalimie, asinicheleweshe. Hata njia ya magari alikubali ipimwe, na banda la nguruwe akalibomoa bila mtu kumwomba. Nimezungusha seng'enge. Nina mkataba wa maua na mtu wa Nairobi ambaye hatabasamu kabisa, na Jumamosi ikinyesha nakosa mahali pa kuegeshea magari.

Na wengi wa wageni hao huja kwa sababu ya ile video. Jambo hilo sijawahi kumwambia mtu. Iliposambaa nilidhani itanimaliza, kumbe ilinitangaza kuliko tangazo lolote ambalo ningelipia. Watu waliona mwanamke aliyesimama kidete kutetea maua yake, wakaja kumuunga mkono, wakaleta na wenzao. Wanataka kupiga picha mahali niliposimama. Mama yule mhadhiri aliniambia nichapishe maneno yangu kwenye fulana. Sikuchapisha, lakini sikukasirika pia, nilimuuliza fulana ni pesa ngapi.

Jumamosi iliyopita walikuja vijana wawili, mume na mke, wapole, bado wananukia harusi. Nilikuwa nawapitisha kando ya seng'enge kuelekea kwenye arabicum. Ndugu yangu alikuwa upande wake, hatua kumi hivi, ameinama anafunga majani ya ng'ombe. Siku hizi hukaa nyumbani zaidi; kule Rongai biashara haikurudi kama zamani. Yule msichana alisimama akaangaza macho.

"Mathe, sasa yule bro wako mwizi anaishi wapi?" akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza choo. "Tulikuona kwa video. Tulikuwa team yako kabisa."

Mkono wa ndugu yangu ulisimama kwenye kamba. Hakugeuka. Alibaki ameinama vile vile, mgongo kwetu, na nilijua anangoja. Nadhani amekuwa akingoja tangu siku ya trekta. Ilihitaji maneno matatu tu, kwamba yeye si mwizi, na sauti ya kuyasema ninayo, nusu ya kaunti inaijua.

"Chai inapoa," nikawaambia wale vijana. "Twendeni."

Nilitangulia. Nyuma yangu nilisikia akikaza fundo, akibeba mzigo wake wa majani, akienda nao taratibu kwake, na yule msichana akiniuliza kama kwenye chai kuna chapati.